Bunduki ndogo ya kale isiyo na jina: chapa zake zitafutwe wapi, na thamani yake ipimwe vipi

Bunduki nyingi zinazosemwa hazina chapa huwa nazo, ila zimefunikwa na mbao za kitako. Tuchukue mfano wa Flobert ya milimita 6, bunduki ndogo ya kulengea shabaha, iliyotengenezwa kwa wingi mno mjini Liège, Ubelgiji, hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Usalama kwanza. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, vuta nyundo nyuma, fungua chemba (tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi) na utazame ndani kwa tochi. Ukikuta risasi imekwama, usiisukume kwa fimbo, kwani baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda na hulipuka kwa kubonyezwa. Mwachie fundi wa silaha. Na anayeikuta nyumbani, kwenye masanduku ya wazee, awaite polisi kabla ya kuisogeza popote.

Jina Flobert lenyewe huwapoteza wengi. Louis-Nicolas Flobert alikuwa fundi wa Paris. Mwaka 1845 alipachika kigololi cha risasi juu ya fataki (kikombe kidogo chenye baruti ya kuwashia), kikasukumwa na fataki peke yake bila baruti nyingine, kwa kulenga shabaha hata sebuleni. Mafundi wa Liège waliuiga mtindo huo, kwa hiyo Flobert ni aina ya bunduki, si ushahidi wa nani aliyeitengeneza.

Sasa utoe mtutu kwenye mbao. Tumia bisibisi inayojaa sawasawa katika mfuo wa skrubu, maana skrubu iliyochubuka hushusha bei. Geuza mtutu, kagua upande wa chini karibu na chemba kwa lenzi, huku mwanga wa tochi ukipita kwa ubavu. Herufi ELG ndani ya duara refu ni muhuri wa ukaguzi wa Liège. Duara likiwa na taji juu, mtutu ulikaguliwa kuanzia 1893. Herufi moja yenye taji juu yake ni alama ya mkaguzi ya kabla ya 1877. Yenye nyota ni ya baadaye. Taji juu ya U na G ni Ujerumani, kuanzia miaka ya 1890. Tarakimu mbili zinazojirudia kwenye vipande mbalimbali mara nyingi ni za kuunganishia tu. Usizichukue kama namba ya bunduki.

Ili kujua inatumia risasi gani, chemba ipimwe kwa kumiminiwa Cerrosafe, aloi inayoyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi. Ziba mtutu kwa pamba mbele kidogo ya chemba, mimina, toa ikishaganda, kisha pima baada ya saa moja; mwanzoni husinyaa, halafu hurudi kwenye kipimo halisi. Ganda la Flobert lina urefu wa milimita 7 hivi, la risasi ya .22 Short ya 1857 ni 10.7, na la .22 Long Rifle ya 1887 ni 15.6. Chemba ya 15.6 kwenye bunduki ambayo nyundo yake ndiyo kizibo cha nyuma ya mtutu huenda ilichongwa baadaye. Hiyo ni hasara ya thamani, na ni hatari: nyundo haikuundwa kuzuia nguvu ya risasi za leo.

Kuhusu bei, Flobert ya kawaida ni ya bei ndogo kwa sababu zilitengenezwa nyingi. Nakshi za chuma, mbao zilizochongwa, kasha lake la asili au jina la duka la Paris huipandisha. Msasa, rangi mpya na vanishi huiharibia kabisa. Kutu nyepesi ipanguswe kwa mafuta na kitambaa tu. Linganisha na bei zilizolipwa mnadani kwa bunduki za mtindo na hali ileile, usifuate bei wanazotangaza wauzaji.

Tarehe nayo ina uzito sokoni. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, silaha ya kale ni iliyotengenezwa hadi mwisho wa 1898. ELG isiyo na taji huipitisha moja kwa moja. Yenye taji huhitaji ushahidi mwingine, kama vile katalogi ya zamani yenye mtindo huohuo au risiti ya mauzo ya wakati ule.