Daftari la katibu

Mwaka nilipopewa ulezi wa klabu ya historia katika chuo kimoja hapa Tabora, niliomba nikabidhiwe daftari la mihtasari. Katibu akanitazama kana kwamba nimedai hati ya kiwanja. "Mwalimu, lilikuwa stoo. Stoo ilisafishwa." Nadhani mijadala ya miaka kadhaa iliishia kufungia maandazi.

Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuzifuatilia klabu hizi kama mwanahistoria.

Tabora wana sababu ya kuzijali. Julius Nyerere aliingia shule ya serikali hapa mwaka 1937, na akiwa mwanafunzi alishiriki kuanzisha klabu ya mdahalo. Walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu; mkuu wa shule akakataa, akisema ni mpole mno. (Mpole huyo!) Alipokwenda Makerere mwaka 1943 alianzisha chama cha kusaidiana wanafunzi wa Tanganyika, maana walikuwa wachache na ugenini. Hakikudumu. Nguvu zikahamia tawi la TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, palepale chuoni, tawi ambalo lilikuwa limelala. Akarudi Tabora, akafundisha shule ya St. Mary's kuanzia 1946 hadi 1949, na jioni akawa anazungumza na watu wa mjini kuhusu siasa. Ukifuata njia hiyo utaona ufundi uleule ukihama nyumba: kuandaa ajenda, kutetea hoja, kushindwa kwa kura na bado kurudi wiki inayofuata. Hakuna silabasi iliyofundisha hayo.

Dar es Salaam mambo yalikuwa moto zaidi. Chuo kilichoanza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kufikia 1967 kilikuwa na USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni. Walisoma na kubishana hata Jumapili. Mwaka 1969 wakatoa jarida lao, Cheche, lililochapwa kwa stensili. Novemba 1970 umoja na jarida vyote vikapigwa marufuku. Chama cha Kiswahili nacho kilikuwa na jarida lake, Zinduko, lisilomtisha mtu. Mimi hupenda kuyataja yote mawili pamoja, kwa sababu wanafunzi wangu wakisikia "klabu ya taaluma" wanafikiria keki, fulana na picha ya pamoja. Wale waliandika.

Klabu nyingi za leo hazihitaji marufuku ili zife. Zinakufa kwa kalenda. Mwanafunzi wa shahada ya ualimu huingia, mwaka wa kwanza anajifunza njia ya kwenda kantini, mwaka wa pili anachaguliwa mwenyekiti, kisha anaondoka kwenda mazoezi ya kufundisha. Akirudi ni mwaka wa tatu, ana utafiti na deni la ada. Anahitimu na daftari likiwa chini ya godoro. Uongozi mpya unajaza fomu upya kwa Mshauri wa Wanafunzi, unaandika katiba upya, unajiita waasisi. Nimeshawahi kukutana na "waasisi" wa klabu moja mara tatu.

Kwetu sasa katibu msaidizi lazima atoke mwaka wa kwanza, na daftari hukabidhiwa kwa saini mbele yangu. Nakala inabaki kabatini kwangu, na ufunguo ninao mimi. Wanasema nina roho mbaya.

Mhtasari wa mwisho uko mbele yangu ninapoandika. Mada: reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilitunufaisha kuliko ilivyotunyonya. Walioafiki 19, waliopinga 22. Msemaji wa pili wa upande wa kupinga alionywa kwa kumwita mwenzake "behewa tupu". Kikao kikafungwa saa 1:40 usiku, umeme ulipokatika.