Megapikseli, mwezi mpevu na mengine tunayodanganyana kuhusu picha za asili

Mtu akianza tu kupenda kutoka na kamera, ushauri unamiminika kila upande na karibu wote ni wa kununua. Nunua hii, badilisha ile, bila lenzi fulani usijisumbue. Matokeo yake watu wanakata tamaa hata kabla hawajavuka mlango, na hilo linaniuma kweli, kwa sababu picha ya asili inatokana zaidi na unachokijua kuhusu mwanga, hali ya hewa na kiumbe aliye mbele yako kuliko begi la vifaa. Hizi ni dhana ninazozisikia kila wakati, nyingine za kamera, nyingine za safari yenyewe.

Dhana: megapikseli nyingi ndo picha nzuri

Hapa watu wanaliwa hela sana. Megapikseli moja ni pikseli milioni, yaani nukta milioni zinazounda picha. Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani milioni 8 na kidogo, kwa hiyo picha ya megapikseli 12 tayari imeizidi. Ukitaka kuiprinti, hiyo ya megapikseli 12 inatoka karibu sentimita 34 kwa 25 kwa nukta 300 kila inchi, imetulia kabisa. Simu iliyoandikwa megapikseli 108 mara nyingi inaunganisha pikseli tisa kuwa moja na kukurudishia 12 zilezile. Kinacholeta tofauti zaidi ni ukubwa wa sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga. Kamera za fulu fremu zina sensa ya milimita 36 kwa 24, ya simu nyingi haifiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na tofauti hiyo unaiona giza likianza kuingia. Mwanga ukiwa wa kutosha simu inapiga mandhari vizuri tu, asikutishe mtu. Inaposhindwa ni ndege wa mbali, maana ukizumu kupita uwezo wa lenzi zake unakuwa unakata picha na kuivuta, hamna kipya kinachoongezeka.

Dhana: usipandishe ISO, picha itaharibika

ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliopata. Zile chengachenga unazoziona ukiipandisha zinaletwa hasa na uhaba wa mwanga. Ukiogopa kupandisha ISO unaishia kushusha spidi ya shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, na mnyama anatoka kama moshi, na picha iliyotikisika hivyo ni ngumu mno kuiokoa baadaye. Au inatoka giza, unaivuta kwenye programu, na chengachenga zinajaa pengine kuliko kama ungepandisha tangu mwanzo. Ndege anayeruka anataka spidi ya 1/2000 ya sekunde au karibu na hapo, sasa alfajiri msituni hiyo spidi utaipata wapi bila ISO? Pandisha. Na wale wanaosema kwa mandhari uzibe tundu la lenzi mpaka f/22 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) ili kila kitu kiwe kwenye fokasi, mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika na picha nzima inapoteza ukali. Lenzi nyingi zinafanya vizuri f/8 mpaka f/11.

Dhana: picha ni asubuhi na jioni tu, mchana pumzika

Mwanga wa jua lililo chini ni mzuri, sibishani. Lakini kwanza ile inayoitwa saa ya dhahabu wala sio saa. Jua linatembea digrii 15 kwa saa, na karibu na ikweta linashuka karibu wima, kwa hiyo kutoka digrii 6 juu ya upeo mpaka kuzama ni kama dakika 24 tu. Ukienda mbali kaskazini au kusini wakati wa kiangazi chao linashuka kwa mshazari na mwanga uleule unaweza kukaa masaa. Mtu anayesoma ratiba iliyoandikwa na mpiga picha wa huko alafu anaifuata akiwa ikweta atafika mwanga umeshaondoka.

Pili, mawingu yakitanda ndo siku ya msitu, maua na maporomoko ya maji. Jua kali la mchana likipenya kwenye majani linaacha madoa meupe kabisa na vivuli vyeusi kabisa kwenye picha moja, kamera haiwezi kubeba vyote viwili. Siku ya mawingu anga lote linakuwa taa moja pana na laini, rangi ya kijani inakolea, na kwa kuwa mwanga ni mdogo unaweza kuacha shata wazi nusu sekunde maji yakatoka kama uzi wa hariri bila kuhitaji filta. Ukiwa na filta ya polaraiza izungushe taratibu huku unaangalia majani yaliyolowa: ule mng'ao mweupe wa juu unapotea mbele ya macho yako na rangi halisi inajitokeza chini yake. Hiyo kazi programu haikufanyii vizuri, kwa sababu rangi iliyofunikwa na mng'ao haikuingia kwenye picha tangu mwanzo.

Dhana: mwezi mpevu ndo usiku wa nyota

Ni kinyume. Mwezi mpevu unang'arisha anga lote na kuzifuta nyota hafifu, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, ndo kabisa huioni. Nyota zifuate siku za giza, mwezi ukiwa haupo au umeshazama, na yape macho yako dakika 20 mpaka 30 bila kuangalia simu. Hata hivyo usitegemee kuona zile rangi za kwenye picha, kwenye mwanga mdogo jicho linatumia seli ambazo hazitofautishi rangi, kamera iliyoachwa wazi sekunde 20 inazikusanya.

Na ukitaka kuupiga mwezi wenyewe, mpevu ndo unaochosha zaidi kwa sababu jua linaupiga usoni na vivuli vinapotea. Subiri uwe nusu, angalia ule mstari unaogawa mwanga na giza, hapo mashimo na milima yake inasimama wazi. Watu wanaupiga kama kitu cha usiku na unatoka kama balbu, wakati ule ni mwamba uliopigwa na jua: anza na f/11, ISO 100, shata 1/100 alafu rekebisha. Sasa lile suala la mwezi kuwa mkubwa ukichomoza, ni macho yanatudanganya. Nyoosha mkono, kidole cha mwisho kinaufunika ukiwa kwenye upeo na kinaufunika vilevile ukiwa utosini, upana wake ni kama nusu digrii wakati wote. Picha zile za mwezi mkubwa nyuma ya mti zimepigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali sana.

Dhana: ukipenda mambo mengi hutakuwa mzuri kwenye lolote

Hii naichukia kuliko zote. Watu wanaambiwa chagua moja, ama picha, ama kupanda milima, ama ndege, ama nyota, wakati kwenye picha za asili hivyo vyote vinalishana. Galen Rowell alikuwa mpanda milima na fundi wa magari mwenye gereji yake mpaka 1972 alipoamua kuishi kwa kamera. Mwaka 1981 akiwa Lhasa, Tibet, aliona upinde wa mvua uko pembeni, mbali na jumba la Potala, na wengine wangesema bahati mbaya haukuangukia pale. Yeye alijua upinde hauna mahali pake. Unakaa digrii 42 kuzunguka nukta iliyo kinyume na jua, na hiyo nukta inahesabiwa kutoka kwenye jicho lako, kwa hiyo ukihama na wenyewe unahama. Akakimbia na kamera mpaka ukakaa juu ya jumba, na picha ile inajulikana dunia nzima. Mapafu ya mpanda milima na akili ya mtu anayejua mwanga, vyote viwili vilihitajika. Hesabu hiyohiyo inakuambia jua likiwa limepanda zaidi ya digrii 42 usipoteze muda kutafuta upinde ukiwa kwenye uwanda. Likiwa chini, lipe mgongo na fuata kivuli cha kichwa chako, katikati ya upinde ni hapo.

Mwingine ni Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, ambaye aliunga kamera na hadubini na Januari 1885 akapata picha ya chembe moja ya theluji, akaendelea mpaka akawa na zaidi ya 5,000. Alibaki mkulima.

Dhana: mnyama asipokimbia hajasumbuka

Hapa nawaomba watu tusikilizane. Watafiti walioweka vipimo kwenye viota vya penguin wameona mapigo ya moyo yanapanda mtu akikaribia wakati ndege mwenyewe ametulia juu ya mayai kama hamna kitu. Hakimbii kwa sababu akiondoka mayai yanapoa au yanaliwa, kwa hiyo anavumilia, na wewe unadhani amekuzoea. Dalili huwa zipo ukizijua: ameacha kula, amekaza shingo, anakuangalia wewe tu, mama anazunguka na chakula mdomoni bila kutua kwenye kiota. Ukiona hiyo ya mwisho ujue makinda yanakaa na njaa kwa sababu yako, rudi nyuma sasa hivi.

Kuna imani kwamba ukigusa kinda mama ananusa harufu ya mtu na kulitelekeza. Ndege wengi hawafanyi hivyo. Kinachowafanya watelekeze ni usumbufu wenyewe, kurudiwarudiwa kila siku. Na kibaya zaidi ni wale wanaokata vitawi mbele ya kiota ili kionekane vizuri, yaani kile kitawi ndo kilikuwa kinawakinga makinda na jua na macho ya mwewe, umekitoa kwa ajili ya picha moja.

Dhana: picha ya kweli haieditiwi

Kamera ikikupa JPEG, lile faili la picha la kawaida, imeshaediti yenyewe, imechagua rangi, imeongeza ukali, imetupa sehemu ya taarifa. RAW, faili ghafi la kamera, inakuachia uamuzi. Ansel Adams, mpiga picha wa mandhari wa Marekani, alipopiga ile picha ya mwezi ukichomoza juu ya Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, kipima mwanga hakukiona akatumia mwangaza wa mwezi alioukariri kichwani, na alipata fremu moja tu kabla jua halijaondoka kwenye misalaba ya makaburi. Baadaye kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha alikuwa analifanya anga lizidi kuwa jeusi kadiri miaka ilivyokwenda. Uongo uko kwingine. Shindano la Wildlife Photographer of the Year lilimnyang'anya ushindi mshindi wa 2009 kwa sababu waamuzi waliona mbwamwitu aliyeruka uzio alikuwa wa kufugwa na kufundishwa, na mwaka 2018 wakaiondoa picha nyingine iliyokuwa imeshinda baada ya kuona mnyama mla mchwa aliyepigwa usiku anafanana mno na sanamu ya mnyama aliyekaushwa. Kwenye kesi zote mbili programu haikuwa tatizo, tatizo lilikuwa stori ya jinsi picha ilivyopatikana.

Dhana za safari yenyewe, hizi nazipitia haraka

Mtu mwenye mazoezi hapati ugonjwa wa mwinuko: anapata, tena wenye nguvu ndo wanapanda haraka. Kuanzia mita 2,500 hivi kuwa makini, na ukishapita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku kwenye sehemu ya kulala. Kichwa kikiuma na kichefuchefu, usipande zaidi. Ukianza kuyumba au kuongea vitu visivyoeleweka unashushwa hapohapo, hata kama macheo ndo yako karibu.

Maji ya kijito cha mlimani ni salama kwa sababu ni meupe na yanatiririka: vimelea kama giardia havionekani. Chemsha, yatokote dakika moja, na juu ya mita 2,000 acha dakika tatu.

Baridi inaua kwenye barafu tu: nyuzi 10 zinatosha kabisa kama umelowa na upepo unavuma. Na betri nazo zinaisha haraka kwenye baridi, ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

Bila mtandao simu haikuonyeshi ulipo: GPS inapokea mawimbi kutoka satelaiti zilizo kilomita kama 20,200 juu, haihitaji mnara. Kinachokosekana ni ramani, ipakue kabla hujaondoka.

Dhana: kutaja mahali ni ukarimu

Nakubali nia ni njema. Ila picha ya simu mara nyingi inabeba ndani yake lokesheni halisi, na ukiituma kama faili inaenda nayo. Kwa ua la kawaida hamna shida. Kwa faru, kiota cha tai au okidi adimu, umempa jangili ramani, na hata wasipokuwa majangili watu mia wakija kwenye kiota kimoja wiki moja, kiota hicho kimeisha. Zima lokesheni ya kamera kabla hujafika, ukiulizwa taja eneo kwa jumla, na mambo ya tabia ya mnyama, saa alizotoka na anakula nini, hayo waeleze watu yote.