Stenti mbili, msimbo mmoja

Wagonjwa waliowekewa stenti, yaani vijibomba vya wavu vya kuuacha mshipa wa moyo wazi, hukagua bili zao na kuniuliza: "Nimewekewa stenti mbili, mbona imeandikwa moja?" Kazi yangu ni kugeuza ripoti ya daktari kuwa misimbo inayopelekwa kwa bima za Marekani, na jibu langu ni kwamba hatutoi msimbo kwa kila stenti. Tunaangalia mshipa.

Misimbo ya CPT, orodha ya Marekani ya namba za huduma za matibabu, inatambua ateri kuu tano za moyo, yaani mishipa inayoulisha damu: shina la kushoto, inayoshuka mbele, inayozunguka, ya kulia, na ya kati, ambayo watu wengi hawana. Kila moja ina herufi zake kwenye bili: LM, LD, LC, RC, RI. Palipoziba pakiwa parefu, daktari akaunganisha stenti mbili, msimbo hubaki mmoja: 92928. Puto la kutanua mshipa lililotangulia stenti limeshahesabiwa humo; kulidai tena kwa 92920, msimbo wa puto peke yake, ni kumtoza mgonjwa mara mbili, na kosa hili huniuma kila ninapolikuta.

Hali ya mgonjwa nayo hubadilisha msimbo. Stenti ileile kwenye ateri ileile huwa 92941 ikiwa mtu yumo katika mshtuko wa moyo na mshipa unaofunguliwa ndio chanzo chake. Mshipa ukiwa umeziba kabisa kwa muda mrefu, na daktari akaufungua kwa kufuata mkondo wa damu, ni 92943, maana kupenyeza waya mle ni kazi nzito kweli. Basi ripoti inayosema tu "mshipa umeziba" hainitoshi. Umeziba leo au zamani? Damu inapita hata kidogo? Huirudisha kwa daktari na kuuliza, kubahatisha siwezi.

Msimbo wa ugonjwa lazima ukubaliane na wa tiba. I21.11 husema mshtuko umetokea ateri ya kulia. Ukiuweka peke yake kando ya 92941-LD, umetaja mishipa miwili tofauti kwa tukio moja, na bima ina haki ya kukataa.

Kuhusu picha za eksirei za mishipa: zile za kumwongoza daktari wakati wa kutanua mshipa hazidaiwi kando. Za uchunguzi hudaiwa pale ambapo hapakuwa na picha za awali za kutosha na uamuzi wa kutanua umetokana nazo, tena iwe imeandikwa hivyo. Bili ikikutatiza, omba na ripoti ya upasuaji, kisha tafuta jina la ateri kabla ya kuhesabu stenti.