Kwa nini wanakarate hupangwa mistari na kuhesabiwa "ichi, ni, san"?

Ingia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya karate ya jadi utawakuta wanafunzi wamejipanga mistari iliyonyooka, wenye mikanda ya juu upande mmoja, mwalimu mbele yao. Anahesabu "ichi, ni, san" (moja, mbili, tatu kwa Kijapani), na kila hesabu ni ngumi moja. Ukiuliza utaratibu huo ulianzia wapi, wengi watakwambia ni wa kale mno: wa mahekaluni, wa samurai, au wa wakulima wa Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, waliojifua usiku baada ya kunyang'anywa silaha. Jibu lenyewe halifai hata kutengenezewa filamu. Mistari ilitoka shule ya msingi, mwanzoni mwa karne ya 20.

Hadithi ya wakulima imeota mizizi, kwa hiyo tuing'oe taratibu. Ni kweli Okinawa ilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, na ni kweli ukoo wa Shimazu kutoka Satsuma uliuvamia mwaka 1609. Lakini watazame walimu wenyewe. Sokon Matsumura, ambaye mitindo mingi yenye asili ya mji wa Shuri humhesabu kuwa babu yao, alikuwa mlinzi wa wafalme. Anko Itosu alikuwa karani katika utawala wa mfalme. Anko Azato alitoka katika ukoo wa mabwana waliokabidhiwa vijiji. Hawa walikuwa watu wa kasri, wasomi, wa tabaka lililopata nafasi ya kufika China, ambako mbinu nyingi za karate zina asili yake. Aliyeshinda na jembe mkononi hakuwa na miaka kumi ya kuchezea. Samurai nao hawamo: tabaka lao lilifutwa katika miaka ya 1870, na kwenye visiwa vikuu vya Japani karate haikujulikana na wengi hadi miaka ya 1920.

Na siku hizo za kasri hapakuwa na mstari wa kupanga. Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Shuri mwaka 1868, alikuwa akienda usiku nyumbani kwa Azato na kufanya mazoezi uani. Azato huketi barazani akitazama. Kata moja, yaani mfululizo wa hatua, kinga na mapigo unaoufanya peke yako, hurudiwa usiku baada ya usiku, na mwalimu hasemi zaidi ya "vizuri" au "rudia". Kata tatu tu, za Tekki, zilimchukua Funakoshi miaka kumi.

Mwaka 1879 Japani iliufuta ufalme na tabaka zima likapoteza kazi. Itosu, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, akaipeleka karate shule ya msingi ya Shuri mwaka 1901. Mwaka 1908 aliandika barua yenye hoja kumi kuitetea, na humo mzee huyu wa Okinawa anamtaja, bila kupepesa macho, jenerali wa Uingereza aliyemshinda Napoleon, eti ushindi ule ulianzia kwenye viwanja vya michezo vya shule.

Sasa, mbinu ya uani utaifundishaje darasa zima? Kata huhifadhiwa kama shairi la kimapokeo. Vina na mizani humwezesha mtu kulikariri neno kwa neno hata kama fumbo lake hajalifumbua. Ndiyo maana shairi huvuka vizazi likiwa zima, na anayelighani asijue linamsema nani. Azato alimpa mwanafunzi shairi, na miaka ya kulifumbua. Itosu alichukua kata ndefu, hasa Kushanku, akatunga tano fupi zinazoitwa Pinan, kama beti za kuanzia. Darasani alibakiza mizani, fumbo akaliweka kando. Kwa maoni yangu alifanya vyema: mtoto wa miaka kumi hahitaji kujua namna ya kuvunja kiwiko cha mwenzake.

Fumbo lenyewe ni kama lipi? Mkono mmoja unapopiga, wa pili huvutwa hadi kiunoni. Mwanandondi akiona hivyo atashika kichwa, maana uso umeachwa wazi. Walimu wengi hueleza kuwa mkono ule haurudi mtupu: umeshika mkono au nguo ya adui, unamvuta aifuate ngumi. Jaribu na mwenzako, inaeleweka papo hapo. Mstarini unavuta hewa. Ila mabingwa wa zamani waliandika machache sana, na fafanuzi nyingi zinazofundishwa leo zimeundwa upya baadaye, ndiyo maana walimu wawili huweza kueleza tendo moja kwa namna mbili, kila mmoja akiwa na hakika.

Funakoshi naye alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi. Alipokwenda Tokyo mwaka 1922 kuonyesha karate, akabaki huko. Kutoka judo, mchezo wa mieleka ya Kijapani ulioasisiwa na Jigoro Kano, aliazima vazi jeupe na mkanda mweusi, na mikanda ya kwanza akaitoa mwaka 1924, mwaka uleule klabu ya Chuo Kikuu cha Keio ilipoanza. Vyuoni wanafunzi walikuwa wengi na muda mfupi, kwa hiyo mistari ikakaa. Chama cha Karate cha Japani, kilichoundwa mwaka 1949 na kuongozwa kiufundi na Masatoshi Nakayama, kilituma wakufunzi ng'ambo katika miaka ya 1960, nao wakaondoka na utaratibu huo. Hata upande wa mji wa Naha, huko Okinawa, Chojun Miyagi, mwasisi wa mtindo wa Goju-ryu, alitunga kata nyepesi za Gekisai mwaka 1940 ili wengi waweze kujifunza.

Pinan za Itosu zingali zinafundishwa. Funakoshi aliziita Heian, na kwa kuwa ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, hizo mbili akazibadilisha nafasi. Hivyo mwanafunzi wa Shotokan, mtindo wa Funakoshi, akitembelea dojo ya Shito-ryu, mtindo mwingine uliobaki na mpangilio wa Itosu, na kuambiwa afanye ya kwanza, ataanza ya pili.