Je, wajua? DNA yako huharibika kila siku, hata ukiishi mbali na mgodi

Hapa Lubumbashi, mtoto akizaliwa na kasoro ya mwili, watu hutaja mgodi: vumbi la kobalti, maji machafu, urani ya Shinkolobwe kule upande wa Likasi. Hawasemi ovyo. Mwaka 2020 watafiti wa hapa na wenzao wa Ubelgiji walichapisha utafiti uliofanyika mjini humu. Waliona kwamba watoto ambao baba zao hufanya kazi za madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro zinazoonekana. Lakini njia ambayo kazi hiyo ingeleta kasoro haikuthibitishwa. Kasoro ya kuzaliwa inaweza kutoka kwenye jeni (vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kurithi), na inaweza pia kuletwa na sumu, maambukizi au upungufu wa vitamini wakati wa ujauzito, jeni zikiwa salama kabisa.

Linalohitaji kusahihishwa ni imani inayoandamana na maneno hayo: kwamba DNA hukaa salama ndani ya seli mpaka sumu ya nje iifikie, na ikishaguswa tu, basi jeni imebadilika. Yote mawili si kweli.

Adui wa DNA asiyepumzika ni maji, yale yale yaliyomo ndani ya seli. Tomas Lindahl wa Uswidi alilipima jambo hili miaka ya 1970, wakati wengi waliamini DNA ni kitu imara, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar. Katika kila seli yako, maelfu ya herufi za DNA (kemikali A, T, C na G zinazoiunda) hung'oka kila siku kwa sababu ya maji na joto la mwili tu. Oksijeni tunayovuta huongeza hasara, jua kali la Septemba nalo huongeza yake kwenye ngozi. Hata anayeishi kijijini, mbali na shimo lolote, haepuki.

Sasa la pili, na hapa ndipo penye utamu: kuharibika si kubadilika. DNA ina nyuzi mbili zinazokabiliana. Penye A upande huu pana T upande wa pili, penye C pana G. Chukua mama anayeuza unga kwa mkopo katika soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi. Daftari lake linasema “nimempa mifuko 2”. Daftari la mteja linasema “nimepokea mifuko 2”. Maneno hayafanani, lakini yanashikana. Mvua ikifuta ukurasa wa mama, hesabu haijapotea: anasoma kwa mteja “nimepokea”, anajua yeye aandike nini. Seli hufanya vivyo hivyo. Kimeng'enya kimoja (protini ya kazi, fundi wa seli) hukata herufi mbovu, kingine husoma uzi wa pili na kujaza pengo, cha tatu huunganisha.

Lakini tuseme mvua imeigeuza 2 ikaonekana 3, na kabla mtu hajagundua, mteja amefungua daftari jipya kwa kufuata lile la mama. Sasa yote mawili yanasema 3, na hakuna mkaguzi atakayeona kitu, maana hakuna tena tofauti ya kuonekana. Hilo ndilo badiliko la jeni: kosa lililonakiliwa kabla fundi hajafika. Seli inapogawanyika, kila uzi hutumika kutengenezea mwenzake mpya, kwa hiyo ukarabati ni mbio dhidi ya mgawanyiko.

Herufi C ikishambuliwa na maji hugeuka U, ambayo si herufi ya DNA. Kuna kimeng'enya kinachopita kwenye uzi kikiitafuta. Huichomoa nje ya mstari na kuiingiza kwenye kishimo chake; ikienea humo, hukatwa. T haienei, kwa sababu ina kipande cha ziada kiitwacho methili. Huenda ndiyo sababu DNA hutumia T mahali ambapo RNA, nakala ya muda ya DNA, hutumia U. Kama U ingekuwa halali, fundi angejuaje ipi ni ya asili na ipi ni C iliyooza? Kwangu mimi, mambo machache katika biolojia yanapendeza kama hili. Kuna udhaifu, hata hivyo: baadhi ya C zetu zenyewe hubandikwa methili, na hizo zikioza hugeuka T, herufi halali. Ndiyo maana sehemu hizo hubadilika takriban mara 10 zaidi ya nyingine.

Hata kunakili kwenyewe hukosea. Baada ya ukaguzi wote hubaki kosa moja hivi kwa kila herufi bilioni 1. Mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70, mengi kutoka kwa baba, na huongezeka kadiri umri wa baba unavyopanda. Karibu yote hayana madhara.

Mionzi je? Hatari yake kubwa ni kukata nyuzi zote mbili mahali pamoja. Hapo hakuna daftari la pili la kusoma. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe. Walionusurika walipata saratani zaidi. Lakini watoto wao waliotungwa mimba baadaye, zaidi ya 70,000, wamefuatiliwa kwa miongo kadhaa bila kuonekana ongezeko la wazi la mabadiliko ya kurithi. Hilo halimaanishi mionzi ni salama: kwa panya athari za kurithi zimeonekana.

Na SS, ugonjwa wa selimundu, ulitokana na herufi moja: A iliyogeuka T katika jeni ya hemoglobini, maelfu ya miaka iliyopita. Wengine husema malaria ndiyo iliyoleta badiliko hilo. Malaria haikulileta, ililisambaza: mtoto mwenye AS (jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu) alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona malaria kali kuliko mwenye AA (asiye nayo kabisa), akakua, akazaa.