Kwa Nini Kompyuta Kuukuu Huchangamka kwa Kubadilishwa Diski Tu?

Katika duka moja la kuchapa barua na kutoa kopi mtaani Langoni, Lamu, ipo kompyuta ya mezani ya mtumba. Asubuhi mwenyewe huiwasha, akaenda kununua mahamri, akarudi akaikuta bado inazungusha kile kiduara. Kila mtu amwambia anunue mpya. Mimi namsihi asinunue bado.

Wengi hudhani kompyuta ikizeeka ubongo wake hupungua. Sivyo. Prosesa iliyotengenezwa mwaka 2013 hupiga hesabu leo kwa kasi ile ile. Kilichozidi ni uzito wa programu, na kinachoikwamisha zaidi ni kuingojea diski.

Ndani ya diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani mna sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na mkono mwembamba unaopita juu yake kusoma. Kikitakiwa kitu, mkono husogea hadi kwenye mstari wake, kisha hungoja sahani ilete kipande chenyewe. Kikiwa kimepita punde hiyo, hungoja mzunguko mzima, kama abiria aliyefika Mokowe boti imeshaondoka. Kusogea na kungoja huko huchukua, kwa wastani, milisekunde 13 hivi. Yaonekana si kitu, ila maana yake ni vipande 75 au 80 tu kwa sekunde, na kuwasha kompyuta huhitaji maelfu ya vipande vidogo. Vipande 10,000 vikiwa vimetawanyika, hizo ni zaidi ya dakika mbili za kungoja tu.

SSD, diski ya aina mpya ya kutiwa mahali pa ile ya kawaida, haina sahani wala mkono. Data imo ndani ya chipu, na kuifikia huchukua sehemu ya kumi ya milisekunde, au chini ya hapo. Ndiyo maana hata mashine yenye SATA ya zamani, yaani njia ya kuunganishia diski, isiyopitisha zaidi ya megabaiti 300 kwa sekunde, huchangamka mno: faida kubwa si upana wa njia, ni kule kungoja kulikoondoka. Kwa hiyo fundi akikwambia mashine yako ni kuukuu mno kutiwa SSD, muulize kama ina SATA. Ikiwa nayo, yafaa. GB 240 zatosha kwa mfumo, kama Windows, na programu za duka.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa, ndiyo ya pili kutazamwa. Ikiwa ni GB 4, ukifungua kivinjari na nyaraka mbili tatu hujaa, na ziada humwagwa kwenye diski. Tumerudi kule kule. GB 8 hutosha, mradi mfumo uwe wa biti 64, kwani Windows ya kawaida ya biti 32 haivuki GB 4. RAM ina vizazi: ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, pengo lake liko mahali pengine, basi chomoa kipande cha zamani uende nacho dukani.

Lakini sisi wa pwani tuanze na usafi, usiogharimu kitu. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huo hula madini. RAM inayodhaniwa imekufa huweza kuamka kwa kusuguliwa meno yake taratibu kwa ufutio, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Feni nayo ipanguswe vumbi: prosesa ikipata moto hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikataa rasmi prosesa nyingi za zamani. Kwa mashine kama hii ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ambayo ni ya bure na huandika barua na kuchapa vizuri.

Ile diski ya zamani, ikiwa nzima, iache humo humo ihifadhi picha na mafaili ya wateja. Ila nakala ya pili iwe nje ya mashine, maana mkono ule nao una siku zake.