Buibui ni nani hasa?

Juzi, huko Makorora, Tanga, mtoto wa dada yangu alinijia mbio: "Mjomba, njoo uone, majimoto ananing'inia!" Nikamfuata hadi kwenye mwembe wa uani. Kweli, alikuwepo mdudu mwembamba, rangi ya majimoto (wale sisimizi wa mitini), kiuno kimebanwa, anayumba kwa uzi usioonekana mpaka jua liupige. Majimoto mzima hana uzi. Wanapounganisha majani ya kiota, huwashika watoto wao wachanga, maana hao ndio wenye uzi. Aliyekuwa akining'inia pale alikuwa buibui.

Katika mazungumzo yetu mdudu ni karibu kila kinachotambaa: mende, nge, tandu, jongoo, na buibui humohumo. Sioni kosa, ndivyo tunavyosema. Ila katika elimu ya viumbe neno hilo hufinywa. Mdudu ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu (kichwa, kifua na tumbo), vipapasio viwili kichwani, na mara nyingi mabawa. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili tu: ya mbele ina kichwa na kifua vilivyoungana, ya nyuma ni tumbo. Hana mabawa wala vipapasio. Mwishoni mwa tumbo ana vichuchu vidogo vya kutolea uzi. Ndugu zake ni nge, kupe na utitiri.

Wengi hufundishwa: hesabu miguu. Ni ushauri mzuri, lakini peke yake hupotosha. Mbele ya miguu yake buibui ana viungo viwili vifupi vya kushikia na kupapasia, na mtu mwenye haraka atavihesabu apate miguu kumi. Buibui mwingine ameshapoteza mguu mmoja au miwili katika kuponea chupuchupu. Na kupe akitoka tu kwenye yai ana miguu sita. Minane huipata baadaye. Kwa hiyo mimi hutazama kwanza mwili umegawanyika wapi, kisha kichwani kama kuna vipapasio, ndipo nihesabu.

Yule wa mwembeni ameumbwa kudanganya hata mwenye kutazama hivyo. Sehemu yake ya mbele imebonyea katikati, ukadhani ni kichwa na kifua mbalimbali. Miguu miwili ya mbele huinyanyua na kuichezesha, ikawa kama vipapasio. Faida yake ni kubwa: majimoto ni wakali, huuma na kumwaga tindikali, na wanyama wengi wanaokula wadudu huwaepuka. Nilimnyanyulia mtoto jani karibu na uso, akaona mwenyewe macho mawili makubwa yanayotazama mbele kama taa za gari. Majimoto hana macho ya namna hiyo.

Kuna na upande wa pili, wadudu wanaopewa jina la buibui. Kwenye maji yaliyotulia ya mto Mkulumuzi utawaona wale wanaoteleza juu bila kuzama, ambao watoto huwaita buibui wa maji. Ni wadudu. Miguu yao ya mbele ni mifupi, ya kukamatia windo, hivyo kwa mbali huonekana minne tu mirefu.

Anayenishangaza zaidi ni nzi wa popo. Mapango ya Amboni yanajulikana kwa popo wake, na popo wa aina nyingi huwa na wageni ndani ya manyoya. Mmojawapo ni nzi asiye na mabawa kabisa, mwili bapa, miguu mirefu iliyotanuka pande zote, na kichwa kidogo kilichokunjwa kikalala mgongoni. Ukimwona utaapa ni buibui. Vipapasio vyake ni vidogo mno na vimejificha, kwa hiyo hapa kinachoamua ni hesabu ya miguu: sita. Hunyonya damu ya popo, naye ni wa ukoo wa mbung'o. Kama mbung'o, jike hatagi mayai, bali hulea buu mmoja mmoja tumboni mwake mpaka akomae, ndipo amtoe.

Nimalizie na yule mkubwa wa kahawia anayebandama ukutani usiku, nyuma ya mlango au kabati. Jirani yetu aliniambia huyo si buibui kwa kuwa hana utando. Ni buibui kamili. Buibui wote hutengeneza uzi, lakini si wote wanaotanda. Huyu huvizia mende na kuwarukia. Siku moja nilimwonyesha jirani jike lenye mayai, limebeba chini ya kifua kifuko bapa, cheupe, mfano wa kifungo kikubwa cha koti. Kifuko kile chote ni uzi wake mwenyewe.